Dohani Bovu Huua Kimya Kimya

Kuanzia Juni hadi Agosti baridi na ukungu hutanda katika milima yetu ya Usambara. Mji wa Lushoto uko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, na Magamba ni juu zaidi. Ndiyo maana baadhi ya nyumba za zamani zina meko ya ukutani ya kuotea moto, yenye dohani la mawe au matofali. Mwezi huu tuangalie afya ya dohani hilo, maana ndilo linalolinda afya yetu.

Hatari ni nini?

Kuni au mkaa usiopata hewa ya kutosha hutoa hewa yenye sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Ikiingia mwilini hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, na mwili hukosa pumzi. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kulegea na usingizi mzito. Aliyelala huweza kufa bila kuamka. Mtoto aliye tumboni hudhurika pia.

Moshi wenyewe nao huleta homa ya mapafu kwa watoto. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani, vikiwemo vya watoto zaidi ya 237,000 wenye umri chini ya miaka mitano.

Kwa nini dohani huharibika?

Kwa miaka mingi joto na tindikali ya moshi hula chokaa kati ya matofali. Nyufa hutokea, na sumu hupenya hadi chumba cha jirani au darini. Cheche nazo huweza kuzifikia boriti. Ili kupima, washa majani mabichi mchana, kisha kagua kuta za vyumba vya jirani na dari. Ukiona moshi au madoa meusi, usiwashe moto tena hadi dohani litengenezwe.

Tiba yake ni bomba la ndani

Si lazima kubomoa ukuta. Fundi mwashi na fundi bati wakishirikiana hufanya hivi:

1. Wasafishe dohani, watoe masizi yote na viota vya ndege.

2. Wapime mdomo wa meko. Eneo la tundu la bomba liwe kama sehemu moja ya kumi ya mdomo huo. Mdomo wa sentimita 60 kwa 50 unahitaji bomba la kipenyo cha sentimita 20 hivi.

3. Watumie chuma kisichoshika kutu. Bati la kuezekea huliwa upesi.

4. Washushe bomba kutoka juu. Ncha ya kipande cha juu iingie ndani ya kipande cha chini, ili maji meusi ya moshi yasivujie nje.

5. Wazibe vizuri nafasi iliyo kati ya bomba na dohani, juu na chini, moshi usipate njia nyingine.

6. Waweke kofia ya mvua yenye nafasi pembeni. Mdomo wa dohani upite kilele cha paa.

Baada ya kazi, rudieni kipimo cha moshi.

Utunzaji

Tumieni kuni zilizokauka, iwe ni za miwati au mikaratusi. Kuni mbichi huacha masizi na utomvu kama lami, ambao huweza kuwaka ndani ya dohani. Safisheni kila mwaka kabla ya baridi kuanza.

Wasio na dohani

Kamwe msiingize jiko la mkaa chumbani na kulala. Mkaa hautoi moshi mwingi, basi wengi hudhani ni salama, kumbe sumu ipo. Otea moto nje kabla ya kulala, acha jiko huko huko nje, kisha jifunike blanketi. Jikoni penye mafiga, acheni madirisha wazi, na watoto wadogo wakae mbali na moshi.

Mtu akizidiwa

Fungueni milango, mtoeni nje haraka na kumpeleka hospitali hata akisema amepata nafuu. Ikiwa watu wawili au watatu wa nyumba moja wanaumwa kichwa kila jioni moto unapowaka, msikimbilie kununua dawa za malaria. Zimeni moto, kisha kagueni dohani.