Meza ya rauta, kipande kwa kipande: fundi alivyoijenga bila kugusa tena pesa za mteja

Tukisema rauta, najua wengi wenu mmefikiria kile kisanduku cha wifi pale sebuleni. Hata sisi ofisini tulifikiria hivyo hivyo, hadi fundi mmoja wa Ngong Road alipotucheka. Rauta yake ni mashine ya kuchonga mbao. Mota inazungusha biti kwa kasi sana, nyingi zikiwa kati ya mizunguko 8,000 na 30,000 kwa dakika, na hiyo biti ndiyo inayokata urembo wa ukingo wa mlango wa kabati au mfereji wa kuingizia sakafu ya droo.

Mambo yalianza na oda ya kabati za jikoni. Milango 16, yote na ukingo ule ule. Ukiwa na vipande vyembamba na rauta ya mkononi, mashine inayumba, na ukingo ukiharibika mbao ndiyo hiyo imeenda. Meza inageuza kazi: rauta inafungwa chini yake kichwa chini, biti inachungulia juu kwenye tundu, na mbao ndiyo inayosogea.

Fundi akaona meza ya kununua mtandaoni, bei tamu. Muuzaji akamwambia atume deposit kwa namba ya kibinafsi. Jina lililotokea kwenye simu halikufanana kabisa na jina la duka, lakini oda ilikuwa inambana, akaweka PIN. Si unajua mwisho wake. Meza haikuja na namba ikazimwa. Kilichomuuma zaidi ni kwamba ile pesa haikuwa yake. Ilikuwa deposit ya mwenye kabati, ya kununulia mbao.

Tuseme ukweli, hapa hatuna dawa kubwa. Ukiona jina haliendani na unayemlipa, acha hapo hapo, hata kama bei inavutia vipi. Na kama umeshatuma, tupigie saa hiyo hiyo usingoje kesho. Pesa ikishatolewa kwa wakala, kuirudisha ni ngumu sana.

Basi akaamua kuijenga mwenyewe. Uso wa meza ni tabaka mbili za MDF ya milimita 18 zilizounganishwa kwa gundi, ili usipinde kwa uzito wa mota. Alitumia masalio ya kazi nyingine, na miguu ni ya saipresi. Katikati kuna sahani ya alumini inayobeba rauta, na hii ndiyo sehemu iliyomla siku mbili nzima. Sahani lazima iwe sawasawa na uso wa meza. Ikizama hata milimita moja, mbao inajikwaa pale wakati biti inakata.

Ule ubao wa kuongozea mbao ulitushangaza. Tulidhani lazima uwe sambamba na makali ya meza. Kumbe hapana! Biti ni ya mviringo, kwa hivyo unafunga ubao upande mmoja, unasogeza upande wa pili hadi kipimo chako, unakaza, umemaliza.

Kitu ambacho alikataa kubania ni swichi. Kuna aina ambayo stima ikipotea inajizima, na stima ikirudi mashine haiwaki mpaka ubonyeze tena. Fikiria ukiwa umeinama kubadilisha biti, halafu stima irudi ghafla. (Hata ukiwa nayo, ukibadilisha biti chomoa plagi kabisa.)

Tulipojaribu kusukuma mbao, alitushika mkono. Unasimama mbele ya meza na kusukuma kutoka kulia kwenda kushoto, dhidi ya mzunguko wa biti. Ukienda upande ule mwingine, biti inanyakua mbao na vidole vyako vinaifuata. Usipitishe mbao kati ya biti na ubao wa kuongozea pia. Kipande kidogo kinasukumwa kwa kishikio cha mbao, si kwa vidole, na biti kubwa inapunguziwa kasi.

Sasa pesa. Alitenga akaunti mbili. Malipo ya wateja yanaingia kwenye till, na deposit ya mbao haitoki humo isipokuwa kwenda kwa muuza mbao. Faida ya kazi ikishajulikana, kiasi fulani kinahamishiwa akiba iliyofungwa, jina lake "MEZA". Kila ilipofika bei ya kitu kimoja, alikinunua: kwanza alumini, halafu boliti, mwisho swichi. Ilimchukua miezi mitatu. Milango ile 16 aliimaliza kwa rauta ya mkononi, polepole, na mbao akazinunua kwa pesa ya kodi ya nyumba. Mteja hakujua lolote.

Oda iliyofuata ndiyo ya kwanza kupita kwenye meza. Tulimkuta akiwa na droo za kitanda, vumbi hadi kwenye kope, na simu imefungwa ndani ya mfuko wa plastiki ili vumbi lisiingie.

Kama bado unapokea malipo ya kazi kwenye laini ya kibinafsi, beba kitambulisho chako kwa wakala aliye karibu nawe uombe till. Ukishaipata, ibandike mahali mteja ataiona, mbali na mashine.