Gunia la Makala

Asubuhi mapema, katika mitaa ya Kisangani kama Mangobo, Kabondo na Tshopo, watoto huonekana njiani wakishika sahani ya bati au mfuko mdogo. Wametumwa na mama zao kununua makala. Hawanunui gunia. Wananunua fungu dogo moja au mawili, ya kupikia siku hiyo tu. Kesho watatumwa tena, na kesho kutwa vilevile.

Mtu akiwaona atafikiri ya kwamba nyumba zao zatunza fedha vizuri, kwani zimetoa franka chache. Lakini sivyo, na hesabu yaonyesha.

Bei za soko hubadilika kila mara, kwa hiyo hesabu hii ni ya mfano. Gunia moja la makala lauzwa franka 20,000. Mwenye kuuza kwa mafungu alifungua, aligawa mafungu 60, na kila fungu aliuza franka 500. Akimaliza gunia amepata franka 30,000. Nyumba inayochoma mafungu 2 kila siku itamaliza mafungu 60 kwa siku 30. Basi kwa mwezi mmoja nyumba hiyo imelipa franka 30,000 kwa makala ambayo jirani, aliyenunua gunia zima, ameyapata kwa franka 20,000. Tofauti ni franka 10,000. Na yule aliyelipa zaidi ndiye maskini kuliko mwenzake.

Mwenye kuuza mafungu si mwizi. Amelibeba gunia toka mbali, amekaa juani kutwa, na chini ya gunia amekuta vumbi lisilouzika. Yeye naye ana watoto. Lakini desturi hiyo ya kununua kidogo kidogo haiko kwa makala tu. Mafuta ya mawese hununuliwa kwa chupa ndogo badala ya bidoni, sabuni kwa kipande, mchele kwa kikombe, chumvi kwa mfuko usiozidi kiganja. Kila kipande kina nyongeza yake ndogo, na nyongeza hizo zikikusanywa mwisho wa mwezi, zatosha kununua madaftari ya watoto wawili.

Mbona basi mama hanunui gunia? Si kwa ujinga. Wamama wa sokoni hujua hesabu hii kuliko wanafunzi wengi. Sababu ni kwamba hakuna siku moja ambayo mkono wake washika franka 20,000 za kuweka kwa makala peke yake. Mshahara wa baba wachelewa. Faida ya samaki aliowauza leo ni ya chakula cha leo. Na fedha ikilala nyumbani, haikosi mwenye kuiomba: mara ndugu anakwenda matangani, mara mtoto ana homa.

Kuna njia za kubana matumizi humo humo jikoni, nazo hazihitaji fedha. Maharagwe yakilowekwa tangu jioni huiva upesi, na makala hubaki. Sufuria yenye kifuniko hupika kuliko iliyo wazi. Makala yatunzwe pakavu, kwani Kisangani hunyesha karibu miezi yote, na makala yenye maji hutoa moshi mwingi na moto kidogo. Chakula kikiisha kuiva, makala yaliyobaki katika mbabula yazimwe kwa kuyafunika, yatafaa kesho. Bwana wetu mwenyewe, alipokwisha kuwalisha watu 5,000 kwa mikate mitano na samaki wawili, aliwaagiza mitume wakusanye vipande vilivyosalia, vikajaza vikapu 12. Aliyeweza kufanya mwujiza hakutaka mabaki yatupwe.

Tena kuna kununua kwa wakati wake na mahali pake. Mchele mwingi unaoliwa Kisangani hulimwa karibu, kama upande wa Bengamisa katika njia ya Buta, na wakati wa mavuno bei hushuka. Mitumbwi ya Isangi hufika na vyakula vya mtoni, navyo pwani huwa rahisi kuliko ndani ya soko. Lakini vitu vya viwandani vyatoka mbali. Toka Kinshasa mpaka Kisangani kwa mto ni karibu kilometa 1,700, na maji yakipungua meli hukwama juu ya mchanga. Vingine huja kwa magari toka upande wa Butembo na Beni, na barabara ikiharibika, sukari na sabuni hupanda bei. Nyumba iliyonunua mapema haishangai. Na nyumba yenye mihogo na lengalenga nyuma ya jiko hainunui mboga kila siku. Ila majani ya mihogo yasichumwe yote kwa tamaa, kwani mti uliovuliwa majani mengi hutoa mizizi midogo.

Hapa yafaa kusema ya kwamba si kila kupunguza ni kutunza. Kuna kupunguza kunakoleta hasara kubwa.

Mihogo michungu ina sumu. Ndiyo maana wazee hulowesha mizizi yake katika maji siku tatu au zaidi, kisha huianika juani. Mtu mwenye haraka, akiitoa majini siku ya kwanza ili aiuze au aile upesi, anabakiza sumu ndani. Huko Kwango, upande wa magharibi wa nchi ya Congo, kuna ugonjwa uitwao konzo. Daktari Trolli aliandika habari zake mwaka 1938. Watu wasiokuwa na chakula kingine, wanaokula siku nyingi mihogo isiyoloweshwa vya kutosha, hupooza miguu kwa ghafula, hasa watoto na wanawake, na miguu hiyo haiponi tena. Basi anayepunguza siku za kulowesha ameokoa siku mbili na kuhatirisha miguu ya mtoto. Sombe nayo itwangwe vizuri na kuchemshwa sana, hata kama makala ni ghali. Si hapo pa kubana moto.

Jambo la pili ni dawa. Dawa ya malaria inayotumika sana siku hizi hunywewa siku 3 kamili. Wengine hununua vidonge vya siku moja, au mtoto akipoa siku ya pili humwachisha dawa ili nusu iliyobaki iwekewe ndugu yake. Homa hurudi, na nyumba hulipa mara mbili. Mara nyingine hulipa jambo ambalo fedha hailirudishi. Katika matumizi ya nyumba, dawa ni kama gunia: hununuliwa nzima au haifai.

Sasa yabaki ile shida ya kwanza: namna gani mkono usioshika franka 20,000 kwa siku moja utazishika? Watu wa Congo wana jibu la zamani, nalo laitwa likelemba. Huko Tanzania huitwa upatu.

Likelemba ni hivi. Wamama 12 wanaouza sokoni wanapatana kila mmoja kutoa franka 5,000 kila juma. Siku iliyowekwa wanakutana, fedha inahesabiwa mbele ya wote, nayo ni franka 60,000. Zote anapewa mmoja. Juma la pili anapewa mwingine, hata majuma 12 yaishe na kila mmoja awe amepata zamu yake. Kisha huanza tena, au huachana kwa amani. Hakuna riba. Kila mama ametoa franka 60,000 na kila mama amepokea franka 60,000. Mtoto atauliza: faida i wapi, kama amepata kile kile alichotoa? Faida ni kwamba alitoa kwa vipande na kupokea kwa pamoja. Zamani alikuwa mtu wa mafungu. Siku ya zamu yake anaweza kununua gunia la makala na bidoni ya mafuta, na fedha ikabaki. Mwezi unaofuata, ile tofauti ya franka 10,000 haitoki tena mfukoni mwake.

Mpango wa zamu ni jambo la akili. Mama wa kwanza, siku ya kupokea, alikuwa ametoa franka 5,000 tu. Kwa hiyo ana deni la franka 55,000 kwa wenzake. Mama wa mwisho amekwisha kuwakopesha wenzake franka 55,000 kabla hajapata kitu. Ndiyo sababu zamu za mwanzo hupewa watu waliojulikana siku nyingi, na mgeni huwekwa nyuma. Wengine hupiga kura. Wamama wenye watoto shuleni hupenda zamu ya mwisho wa Agosti. Tangu mwaka 2019 serikali imeweka ya kwamba elimu ya shule za msingi za umma itolewe bure, lakini sare, viatu, madaftari na kalamu bado ni juu ya wazazi, na Septemba haingoji.

Zamu yaweza pia kubadilishwa. Mama aliye karibu kupokea asikia mtoto wa mwenzake amelazwa hospitalini. Asema, «Apewe Mama Mapasa leo, mimi nitachukua yake.» Hakuna benki iwezayo kufanya hivyo kwa dakika moja.

Kwa wale wasiokuwa na kikundi, kuna kadi. Mtu mmoja hupita sokoni kila siku akikusanya fedha. Kila mteja ana kadi yenye vyumba 31, na kila akitoa, chumba kimoja hutiwa alama. Mteja akitoa franka 500 kila siku, mwishoni ametoa franka 15,500. Mwenye kadi hubakiza franka 500 za siku moja kuwa ujira wake, na kurudisha 15,000. Huyu mteja amelipa ili fedha yake itunzwe. Ni ajabu, lakini wengi waona yafaa, kwa sababu fedha imekaa mbali na mkono wao wenyewe na mbali na maombi ya jamaa. Hatari ni moja: mwenye kadi akikimbia, kadi yabaki karatasi. Njia nyingine ni chama cha akiba na mikopo, kiitwacho COOPEC. Vyama vya namna hii havikuanza na matajiri. Huko Lévis katika nchi ya Kanada, Mkristo mmoja aitwaye Alphonse Desjardins alianzisha chama cha akiba pamoja na majirani zake mwaka 1900. Mwaka 1901, mtu wa kwanza aliyeweka fedha yake aliweka senti 10.

Wazee wa Kisangani wana sababu nyingine ya kutolaza fedha sandukuni. Mwaka 1967 fedha ya zaire ilichukua mahali pa franka, zaire 1 kwa franka 1,000. Baadaye thamani yake ikaanguka, hata mwaka 1993 zaire 3,000,000 za zamani zikabadilishwa kwa zaire mpya 1. Mwaka 1998 franka ikarudi, nayo franka 1 ikachukua mahali pa zaire mpya 100,000. Mwanafunzi azidishe: franka moja ya mwaka 1998 ilikuwa sawa na zaire za zamani 300,000,000,000, yaani 3 na sufuri 11. Aliyeficha noti chini ya godoro kwa ajili ya uzee wake aliamka na karatasi za kuwashia moto. Ndiyo maana likelemba yenye busara ni fupi, ya majuma machache, kusudi wa mwisho asipokee fedha iliyopungua nguvu. Vikundi vingine huchanga kwa dola, na vingine havigawi fedha kabisa, bali vikwembe, masufuria au sabuni, kwani sufuria haishuki thamani usiku mmoja.

Likelemba isichanganywe na michezo ya fedha ya walaghai. Mwaka 1991 watu wengi wa Kinshasa walipoteza akiba zao katika mchezo ulioitwa Bindo. Mchezo ule uliahidi kwamba atoaye fedha atarudishiwa mara nyingi zaidi kwa muda mfupi. Wa kwanza walilipwa kweli, lakini walilipwa kwa fedha ya waliokuja nyuma, na wapya walipopungua, chungu kilikuwa kitupu. Alama ya kuzitofautisha ni rahisi. Katika likelemba hakuna apataye zaidi ya alichotoa. Panapoahidiwa zaidi, pana mtu mwingine atakayekosa.

Kinachoilinda likelemba ni watu kujuana, pamoja na daftari. Katika vikundi ambamo mama wengi hawakusoma, mara nyingi huitwa mtoto wa shule kuliandika. Kila ukurasa una tarehe, majina ya wote 12, kiasi alichotoa kila mmoja, na jina la aliyepokea. Asiyejua kuandika hutia msalaba au alama ya kidole mbele ya jina lake. Mtoto husoma kwa sauti majina na hesabu, wote wasikie, na kosa likipatikana husahihishwa hapo hapo kabla fedha haijaondoka. Kosa halifutwi kwa mpira. Hukatwa mstari mmoja ili lisomeke bado, na andiko la kweli huwekwa juu yake. Na kuna sheria moja ambayo vikundi vizuri haviivunji: anayetunza daftari hashiki fedha, na anayeshika fedha halali na daftari.