Gemu la CJ na Namba Isiyoonekana

Mkoa wa Simiyu, uliomegwa kwa sehemu kubwa kutoka Shinyanga mwaka 2012, unasifika kwa pamba, si kwa gemu. Lakini mtoto wa Bariadi mjini anaweza kuijua mitaa ya Los Santos kuliko ya Shinyanga. Los Santos ni mji wa kubuni ndani ya Grand Theft Auto: San Andreas, gemu la PlayStation 2 la mwaka 2004 lililoingia kwenye simu mwaka 2013. Shujaa wake, CJ, anarudi nyumbani kumzika mama yake, kisha anazama kwenye magenge.

Ulaya gemu hilo lina alama ya miaka 18. Marekani lilipewa 17, na mwaka 2005 likapandishwa hadi daraja la watu wazima pekee baada ya kugundulika picha za ngono zilizofichwa ndani yake. Lilirudishwa 17 zilipoondolewa.

Alama hizo huchapwa kwenye kasha. Diski ya kunakili haina kasha, na penye flashi hata diski haipo. Mzazi anayeingia kibanda cha gemu akitafuta namba ya umri hataiona, hivyo aulize jina. Hata jibu la “lile la kuiba magari” linatosha kuanzia.

Akishalijua jina, akae na kutazama, na asiondoke mapema. CJ huendesha baiskeli, hufanya kazi ya teksi, hupeleka majeruhi hospitali, tena akila ovyo hunenepa. Anayechungulia mara moja atasema mchezo ni salama kabisa! Kinachofaa kupimwa ni kile ambacho gemu linakilipa. Hapa mpita njia akiuawa, fedha zake hubaki chini ziokotwe. Polisi nao humwandama CJ kwa ukali unaopimwa kwa nyota, kuanzia moja hadi sita, na kwa mtoto kuzikwepa ndio utamu wenyewe.

Grand Theft Auto V, ya mwaka 2013, imekwenda mbali zaidi. Kuna sehemu mchezaji anamtesa mtu aliyefungwa kwenye kiti, akichagua kifaa mwenyewe, koleo likiwamo. Kwenye filamu mtoto angetazama tu. Hapa kidole chake ndicho kinachobonyeza, na hiyo peke yake inatosha kumnyima mtoto wa miaka kumi gemu hilo.

Je, mtoto anayelicheza atageuka mhalifu? Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani mwaka 2015 kilihusisha gemu za ukatili na ongezeko la ukorofi, kisha mwaka 2020 kikafafanua kwamba ushahidi hautoshi kuzitwisha lawama za uhalifu. Kwa hiyo hofu ipungue, uangalizi ubaki.

Free Fire, gemu la simu, ni kesi nyingine. Watu hamsini wanashuka kisiwani, wanapigana dakika kumi hivi, basi. Ukatili wake ni mwepesi kuliko wa CJ, lakini mtoto anaweza kuongea kwa sauti na wageni asiowajua, na almasi za kununulia mavazi huuzwa kwa fedha halisi. Kwenye simu yenye salio la mzazi, hilo si dogo.

Duka la Google Play huonyesha umri wa kila gemu, na katika mipangilio yake kuna udhibiti wa wazazi unaofungwa kwa namba ya siri. Kufuli hilo, hata hivyo, halizuii gemu ambalo rafiki amelirusha kwa Xender, programu ya kutumiana mafaili.