Nozeli ya shaba haidumu milele

UKIPITA kwenye maduka ya pembejeo na meza za vipuri pale Mlandege, Manispaa ya Iringa, utamkuta mkulima ameshika nozeli ya shaba ya njano ya bomba la mgongoni, anaigeuzageuza, kisha anauliza: "Hii itakaa muda gani?" Mara nyingi hujibiwa kuwa shaba haifi. Jibu hilo linauza nozeli, lakini linaweza kumgharimu mkulima wa nyanya wa Ilula fedha nyingi kuliko bei ya nozeli yenyewe.

Shaba ya njano ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki. Ile ya maganda ya risasi huwa na shaba asilimia 70 na zinki asilimia 30. Huko Marekani, watu wanaojaza maganda baruti upya wanajua kuwa yana mwisho: risasi ikipigwa ganda hutanuka, likibanwa lirudie umbo lake huzidi kuwa gumu, na hatimaye shingo hupasuka. Hawahesabu miaka, wanahesabu ganda limejazwa mara ngapi. Mkulima naye ahesabu mabomba aliyopulizia, si misimu.

Tofauti ni kwamba nozeli haipasuki, inalika. Shaba ni laini, na dawa za ukungu za unga, kama mancozeb, haziyeyuki kabisa majini. Chembe zake husugua tundu kama msasa. Maji ya bondeni yenye mchanga huongeza kasi. Na anayezibua tundu kwa msumari huliharibu kwa dakika moja.

Hebu tupige hesabu. Tuseme nozeli mpya inatoa mililita 800 kwa dakika na iliyolika inatoa lita 1. Kwa mwendo uleule wa kutembea, ekari iliyokuwa ikimaliza mabomba 10 sasa itakula mabomba 12 na nusu. Ukipulizia mara 12 kwa msimu, umepoteza mabomba 30. Ikiwa dawa ya bomba moja ni shilingi 1,500, hizo ni shilingi 45,000. Tena matone makubwa huteleza kwenye majani, ugonjwa unabaki, na mkulima analaumu dawa kuwa ni feki. (Dawa feki zipo, sikatai, lakini si kila lawama ni yake.)

Kipimo ni rahisi. Nunua nozeli mbili za aina moja, moja uiweke bila kuitumia. Jaza bomba maji matupu, pampu kwa nguvu ileile, kinga kwenye jagi lenye alama kwa dakika moja, kwanza kwa nozeli mpya, kisha kwa ya zamani. Ya zamani ikizidi kwa asilimia 10, yaani ikapita mililita 880 katika mfano wetu, itupe hata kama bado inang'aa.

Wapo pia wanaotunza bomba zizini au juu ya mifuko ya mbolea. Zamani jeshi la Uingereza nchini India liliona maganda ya risasi yaliyohifadhiwa kwenye mazizi ya farasi yakipasuka yenyewe wakati wa masika. Mwaka 1921 wataalamu Moore, Beckinsale na Mallinson walieleza chanzo: amonia, ile hewa kali ya mkojo wa wanyama, hushambulia shaba ya njano iliyobanwa. Koki na viungio vya bomba lako vikiwa vya shaba hiyo, hatari ni ileile. Suuza bomba baada ya kazi, hasa ukitumia mbolea ya majani, na ulitundike mbali na samadi.

Kwa wafanyabiashara: msidharau nozeli za plastiki ngumu. Wateja huziona duni, lakini dhidi ya dawa za unga hudumu kuliko shaba, na za chuma cha pua hudumu mara kadhaa zaidi. Za seramiki hushinda zote, ila zikidondoka kwenye sakafu hupasuka. Uza pamoja na mswaki laini wa kuzibulia, na mwambie mteja asipulize tundu kwa mdomo. Pale pana sumu.