Kabla hujanunua vimeng'enya vya biogesi, katakata mabua kwanza

Vijana wa Kasulu na Kibondo! Kuna unga wa vimeng'enya unaouzwa kwa ajili ya kuongeza gesi kwenye mtambo. Je, unafanya kazi? Unaweza, ila si kwa kila taka. Mtambo ukizima, nyumbani mnarudi kwenye kuni, na hela ya ujenzi inabaki imezikwa ardhini. Kwa hiyo tuelewane kwanza.

Bakteria hawana meno. Bua la mahindi lina selulosi iliyobanwa na lignini, ile inayofanya mti uwe mgumu. Vimeng'enya hukata selulosi iwe sukari, bakteria hugeuza sukari kuwa asidi, kisha vijidudu vingine hutengeneza methani. Kwenye mabua, kinachochelewesha ni huko kukata. Maganda ya mihogo ni kinyume chake: wanga wake huvunjika haraka mno, asidi inajaa, gesi inakata. Hapo ukiongeza vimeng'enya unaongeza matatizo.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walijaribu taka za mkonge. Mwaka 2006 walionyesha kuwa nyuzi zilizokatwa hadi milimita 2 zilitoa methani 23% zaidi ya zile zisizokatwa. Hakuna pakiti iliyonunuliwa hapo, ni kukata tu.

Anza na haya:

1. Katakata mabua kwa mashine ya kukatia malisho. Vipande virefu huelea na kufanya ukoko juu.

2. Nenda machinjioni uombe majani yaliyomo tumboni mwa ng'ombe, yakiwa mabichi. Yana bakteria wanaotengeneza vimeng'enya vyao wenyewe. Vaa glavu na buti.

3. Maganda ya mihogo weka kidogo kidogo, yakichanganywa na kinyesi cha ng'ombe. Pima pH kwa karatasi ya kupimia pH: iwe kati ya 6.8 na 7.5. Ikishuka chini ya 6.5, acha kulisha kwanza.

4. Lisha mchana. Bakteria hawa hupenda joto la karibu nyuzi 35, na maji ya alfajiri ya Juni na Julai huku kwetu yanawapoza.

Umefanya yote na bado unataka pakiti? Ijaribu. Chukua chupa 2 za plastiki za lita 5, weka mchanganyiko uleule na tope kidogo kutoka mtambo unaofanya kazi. Moja tu itiwe vimeng'enya. Funga puto kila mdomo, weka kivulini, mbali na moto. Gesi ya siku za mwanzo huwa na kaboni dayoksaidi nyingi, usishangilie mapema. Linganisha kwa wiki 4.

Mwisho piga hesabu: gesi iliyoongezeka ingekuokolea mkaa wa shilingi ngapi kwa mwezi? Kama haifikii bei ya pakiti, hela hiyo nunulia panga la mashine.

Tukutane shambani.