Namba Moja, Sura Tatu

Huenda mmewahi kusikia habari za eneagramu, yaani duara lenye namba tisa, kila namba ikieleza hulka ya watu wa aina fulani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Claudio Naranjo, daktari wa magonjwa ya akili kutoka Chile, aliifundisha huko Berkeley, Marekani. Padre Robert Ochs, Mjesuiti, akaifikisha Chicago, ikaenea katika nyumba za mafungo.

Wengi huishia kwenye namba, kumbe kila namba ina matawi matatu. Tawi la kwanza ni la kujihifadhi: chakula, fedha, afya na nyumba. La pili ni la jamii: nafasi yetu kati ya wenzetu. La tatu ni la wawili: uhusiano wetu na mtu mmoja wa karibu.

Tuchukue namba 6, ambayo huongozwa na hofu. Wa kujihifadhi ni mpole, hutafuta marafiki wa kumkinga. Wa jamii hushika kanuni na wajibu barabara. Wa tawi la wawili huishambulia hofu yake kabla haijamshambulia. Huonekana jasiri na mkali. Baba wa namna hii mtoto akichelewa kurudi hufoka na kutisha. Ukimwambia kwamba anaogopa, atakataa. Mama mwenye namba hiyo hiyo hulia kimyakimya jikoni. Watoto huona ugomvi tu, wala hawajui kwamba wazazi wote wawili wanaogopa jambo lile lile.

Je, tutatambuaje tawi letu? Tusianze na matendo, bali tujiulize: ni nini hutunyima usingizi? Ni akiba iliyokwisha? Ni maneno ya watu? Au ni mmoja tuliyempenda kutugeuzia kisogo? Tuandike jioni kwa mwezi mmoja, kisha tumwombe anayeishi nasi atueleze anavyotuona. Mara nyingi yeye hujua kabla yetu.

Hata hivyo tuwe na kiasi. Ushahidi wa kisayansi juu ya eneagramu bado ni mdogo, na hati ya Vatikano ya mwaka 2003 ilionya kwamba ikitumiwa kama njia ya kukua kiroho huleta utata katika imani. Basi tusiifanye kipimo cha ugonjwa, wala tusiwabandike watoto namba, maana mtoto angali anakua.

Tena, hofu ikituzuia kulala, kula au kufanya kazi kwa majuma kadhaa, tusitafute namba. Twende kituo cha afya.

Faida ya kujua tawi letu ni moja: baba yule, kabla ya kufoka, aweze kusema, "Mwanangu, nilikuwa na hofu." Neno hilo mtoto atalielewa kuliko kelele.