Miwani ya Uhalisia Pepe na Utulivu wa Nafsi (Sehemu ya 2)

Juma lililopita tulieleza jinsi miwani hii inavyofunika macho na kumweka mvaaji katika mandhari ya kutengenezwa. Leo tuulize inamfaa nini mkulima wa Chiola, wilayani Nachingwea, anayeinamia jembe msimu mzima kwenye ufuta na mikorosho, mpaka maumivu ya kiuno yakawa sehemu ya maisha yake. Naona inaweza kumfaa sana, mradi ichukuliwe kuwa mwalimu wa pumzi na si burudani. Novemba 2021 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha mfumo wa EaseVRx kwa watu wazima wenye maumivu sugu ya kiuno. Kwa wiki 8 mgonjwa huvaa miwani dakika 2 hadi 16 kwa kipindi, akijifunza kuvuta pumzi kwa kina, kulegeza mwili na kutuliza fikra. Katika jaribio la watu 179, asilimia 66 ya waliofundishwa hivyo walisema maumivu yamepungua kwa zaidi ya asilimia 30. Wenzao walivaa miwani pia, ila walionyeshwa picha bapa zisizo na mafunzo hayo. Waliopata nafuu kama hiyo walikuwa asilimia 41. Tofauti hiyo haikuletwa na kuvaa miwani tu.

Atakayepinga atasema utulivu hauhitaji mashine, na ana haki. Mkoani Lindi dhikri za tarika zimeunganisha pumzi, sauti na moyo kwa zaidi ya miaka 100, na katika mkoa jirani wa Mtwara watawa Wabenedikto wa Ndanda wamekuwa na saa zao za sala na ukimya tangu 1906. Lakini hizo ni ibada, zinazokusudia kumwelekea Mungu, tena hukomazwa kwa miaka mingi mikononi mwa shehe au abati. Mgonjwa asiyelala kwa maumivu anataka msaada wa mwezi huu, na miwani humwondolea kelele zinazomvuruga anapoanza.

Madhara yapo: katika jaribio hilohilo asilimia 20.8 walisumbuliwa na miwani yenyewe, na asilimia 9.7 walipata kizunguzungu na kichefuchefu. Kwa hiyo ianzie hospitalini, mbele ya muuguzi, miwani moja ikihudumia wengi. Hapo hata hoja kwamba miwani ni ghali na inahitaji umeme hupungua uzito. Sauti inayofundisha iwe ya Kiswahili. Na kabla ya kununua, Hospitali ya Wilaya ya Nachingwea ingefaa ifanye ulinganisho ambao jaribio la Marekani halikuufanya: kundi moja livae miwani, jingine lifundishwe mazoezi yaleyale na muuguzi, kwa mdomo tu, chini ya mwembe.